Chemchemi Ambayo Arlys Hakuipima

Kila Jumatatu, kuanzia Mei barafu ikishayeyuka mpaka Oktoba majani yakianza kupukutika, Arlys Tveit aliingia mtoni na viatu vya mpira vya marehemu mumewe. Vilimpwaya, akavaa soksi mbili mbili ili vimkae, na ole wake mtu amcheke. Alisimama katikati ya kijito cha Tollef, uso kaelekeza kule maji yanakotoka, akasubiri matope aliyoyatibua yapite zake, ndipo akazamisha chupa kifudifudi, akaigeuza huko huko chini, akaifunga bila kugusa kifuniko kwa ndani. Chupa moja kwenye daraja la juu la kijito, chupa moja kwenye daraja la chini. Zote mbili ndani ya deli la barafu, deli nyuma ya pikapu, na pikapu mbio kwenda maabara ya mjini. Bakteria hawamngoji mtu. Ukiwachelewesha wanazaana humo humo chupani, na hesabu yako inakuwa upuuzi mtupu.

Hakuna aliyemwajiri. Alijitolea mwenyewe, na kujitolea kwa Arlys kulikuwa kuzito kuliko kuajiriwa kwa watu wengi ninaowajua.

Miaka thelathini na moja alikuwa mpishi mkuu wa shule ya msingi ya bondeni. Mtoto hakuthubutu kubakisha njegere kwenye sahani yake. Akisema kikombe kimoja na nusu cha unga, ni kimoja na nusu, si "kama hivi." Na alikuwa na ulimi. Hilo ndilo lililomtofautisha na wenzake, maana bonde letu la Minnesota lilijengwa na Wanorwe, na wajukuu zao mpaka leo ni watu wa kumeza maneno. Nyumba ya jirani ikiungua hapa utasikia mtu anasema, "Naona kwao leo kuna joto kidogo." Arlys yeye angesema, "Inaungua, leteni maji!" Watu walimpenda kwa hilo, mpaka ilipofika zamu yao ya kusemwa.

Mumewe, Orrin, alikuwa amekufa kwa moyo miaka minne kabla ya haya ninayowasimulia. Orrin ndiye aliyeanzisha chama cha wavuvi wa kijito. Alipokuwa kijana kijito kilikuwa mtaro tu, hakina samaki wa maana. Yeye na wenzake wakapanga mawe kingoni, wakapanda miti ya kivuli, mpaka trauti wakarudi, wanene, wenye madoa mekundu ubavuni, na watu wakaanza kuja na ndoano zao kutoka miji ya mbali. Alipokufa, chama kikamwekea benchi karibu na daraja la chini, na kibati cha shaba: "Orrin Tveit, rafiki wa kijito." Chini ya daraja hilo kuna kidimbwi. Watoto wote wa bondeni wamejifunzia kuogelea pale, na mama zao kabla yao.

Basi kiangazi kimoja watoto watatu wakaugua matumbo baada ya kuoga pale. Mmoja alilazwa wiki nzima. Wilaya ikaja ikapima, ikapigilia kibao: MAJI MACHAFU, USIOGELEE. Wakakipigilia wapi? Hatua mbili kutoka kwenye benchi la Orrin. Ukikaa kwenye benchi unasoma kibao, ukisoma kibao unaliona jina la Orrin. Arlys alipoona hivyo damu ilimchemka. Akaapa kwamba kibao kile kitang'oka yeye akiwa hai.

Afisa wa maji wa wilaya, Dale Pruka, mtu mpole mwenye ndevu za kahawia, ndiye aliyemfundisha kuchota sampuli. Alimweleza pia jambo ambalo wengi hawalijui.

"Trauti wenyewe hawana habari na bakteria hawa, Bi Tveit. Samaki anataka maji baridi na hewa, basi. Wanaougua ni watoto."

"Mimi sina watoto," Arlys akamjibu. "Ila hao wote nimewalisha. Nipe hizo chupa."

Matokeo yakaja yakifanana wiki baada ya wiki. Kiwango cha mwisho kinachokubalika ni bakteria mia moja na ishirini na sita katika mililita mia za maji. Daraja la juu, thelathini, arobaini, safi kabisa. Daraja la chini, mia nane, mia tisa na arobaini, elfu na mia. Na katikati ya madaraja hayo mawili kulikuwa na kitu kimoja tu: malisho ya Verlyn Haugstad, na ng'ombe wake thelathini na wanane wakisimama majini hadi matumboni siku za joto, mikia juu, wakifanya yao.

Ungefikiri nini wewe? Hata mimi ningefikiri hivyo hivyo.

Sasa Verlyn hakuwa mtu baki. Yeye na Orrin walikuwa kama chanda na pete. Mwaka ambao mashine ya kuvunia mahindi ilimkata Verlyn vidole viwili, Orrin alimkamulia ng'ombe asubuhi na jioni majira yote ya baridi, theluji ya magotini. Na wake zao, Arlys na Lavonne, kila Novemba kwa miaka thelathini na tisa walipika pamoja lefse, ile chapati nyembamba ya viazi, Lavonne akisukuma na Arlys akigeuza jikoni, wakisengenya bonde zima mpaka unga uishe.

Lakini Arlys hakuwa mtu wa kuona haya kwa sababu ya chapati. Alimwendea Verlyn zizini asubuhi moja, karatasi ya maabara mkononi.

"Verlyn, ng'ombe wako wananya mtoni."

Verlyn alikuwa anafuta kiwele. Hakuinua kichwa. "Hawajaonyeshwa choo kilipo, Arlys."

"Mimi sicheki."

"Hata wao hawacheki."

"Mia tisa na arobaini, bwana! Watoto wanaugua! Weka uzio, wasifike majini."

"Nikiweka uzio watakunywa nini? Na watakula wapi? Nyasi zangu zote ziko huku chini. Kule juu ni mawe."

"Wavutie maji kwa bomba. Wenzako wanavuta. Bomba moja tu, Verlyn, unashindwa?"

Verlyn akaacha kufuta. Akamtazama, safari hii kwa muda, kana kwamba kakumbuka jambo. "Bomba," alisema. Kisha akarudi kwenye kiwele chake, na Arlys akaondoka akisema peke yake njia nzima kwamba wanaume wa bonde hili vichwa vyao vimejaa pumba.

Mwezi Machi chama cha wavuvi kikaitisha mkutano katika ukumbi wa chini ya kanisa. Arlys alikuja na kadibodi kubwa aliyoichora mwenyewe: mistari mifupi ya bluu ya daraja la juu, mistari mirefu myekundu ya daraja la chini. Katikati alikuwa amechora malisho, na ndani ya malisho, ng'ombe. Mwandishi wa gazeti la wilaya alikuwepo.

"Sitaji jina la mtu," Arlys alisema, na watu sitini wakageuza shingo kumtazama Verlyn.

Verlyn akasimama. Alikuwa ameshika kofia yake kwa ule mkono mzima. Akamtazama Arlys, akafungua kinywa, na ukumbi ukatulia kumsikiliza.

"Kahawa ni nzuri," alisema, akaketi.

Watu wakacheka, wengine mpaka machozi. Lavonne pekee hakucheka. Arlys naye alicheka, ndiyo, na baadaye alijilaumu kwa kicheko hicho kuliko kwa kadibodi.

Gazeti likaandika. Picha ya kadibodi ikatoka ukurasa wa mbele, na ng'ombe wake wa kuchora. Kiwanda kidogo cha jibini kilichokuwa kikinunua maziwa ya Verlyn hakikutaka maneno. Kikampa mpaka Oktoba, baada ya hapo akatafute mnunuzi mwingine. Mnunuzi mwingine hakupatikana, si kwa ng'ombe thelathini na wanane wa mzee mwenye vidole vinane. Oktoba yakaja malori matatu.

Arlys alikuwa anapita na pikapu barabarani akitoka kuchota chupa zake za mwisho za mwaka. Akapunguza mwendo. Ng'ombe mmoja mkubwa, Solveig jina lake, alikuwa amegoma kupanda lori, na Verlyn alikuwa kaegemeza bega lake kwenye paja la mnyama, hasukumi, kaegemea tu. Lavonne alikuwa barazani na koti juu ya aproni. Arlys akakanyaga mafuta akapita. "Ni kwa ajili ya watoto," alijiambia. Alijiambia mara nyingi siku ile.

Kesho yake akawapelekea bakuli la nyama ya kusaga na viazi, la moto, kama tunavyofanya penye msiba. Lavonne alilipokea mlangoni, akasema asante, akafunga mlango. Wiki iliyofuata Arlys akalikuta bakuli kwenye ngazi zake, limeoshwa, linang'aa, na ndani hamna kitu. Huku kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu. Unatia hata matofaa mawili, hata biskuti tatu. Arlys alisimama na lile bakuli tupu kifuani kwa muda mrefu, na Novemba ile akapika lefse peke yake, zikaungua zote.

Majira ya baridi yakapita. Mei akaingia tena mtoni. Malisho ya Verlyn yalikuwa matupu, nyasi zimesimama. Daraja la juu, thelathini na tano. Daraja la chini, mia tisa na tisini.

Arlys akapiga simu maabara. "Mmechanganya chupa zangu na za watu."

"Hatujachanganya, mama."

"Basi mmelala. Mia tisa na tisini ya nini? Hakuna hata mbuzi pale!"

Akachota tena. Elfu na hamsini. Akachota tena. Juni nzima alikuwa akichota mara tatu kwa wiki, hali vizuri, akimkaripia kila anayemsalimia. Mwishowe Pruka akachukua maji yale akayapeleka kwenye maabara kubwa ya jimbo, wanakoweza kutambua kijidudu kimetoka tumbo la nani. Akarudi na jibu, akaja nalo mwenyewe badala ya kupiga simu. Walikutana malishoni kwa Verlyn, kando ya maji.

"Hawa si wa ng'ombe, Bi Tveit," alisema. "Hawa ni wa watu."

"Watu gani? Nyumba iliyo karibu na mto hata moja?"

Pruka akaonyesha kidole. Katikati ya malisho, chini ya jabali, ilitoka chemchemi, ikatiririka hatua thelathini hivi na kuingia kijitoni. "Pale umewahi kupima?"

"Pale?" Arlys alimtazama kama mtu aliyetukana kanisani. "Ile ni chemchemi!"

Na ndivyo ambavyo kila mtu wa bonde hili angejibu. Maji yale ni baridi ya kukata meno, meupe pe, unaona kila jiwe. Wavuvi walikuwa wakilala kifudifudi wanakunywa. Orrin hakuwahi kupita pale bila kuteka viganja viwili na kusema "Aaah!" Miaka miwili Arlys alikuwa amepima madaraja yote, amepima mifereji ya shamba, amepima hata maji ya mvua shimoni barabarani, wala halikumjia hata siku moja wazo la kutia chupa mle. Nani apime chemchemi? Ni sawa na kupima mvinyo wa Meza ya Bwana.

Pruka akachota chupa moja. Hesabu ikapita mwisho wa kipimo, mashine ikashindwa kuisoma.

Milima yetu ni chokaa, na chokaa ndani imetobokatoboka. Juu mlimani ardhi imedidimia hapa na pale ikafanya mashimo, na chochote kinachoingia kwenye shimo hakichujwi na udongo wala nini, kinapita kwenye matundu ya mawe na kesho yake kiko bondeni. Wazee walipenda mashimo yale. Matairi, mizoga ya ndama, maji ya kufulia, tupa shimoni, kwisha habari. Kitu ambacho hukioni tena, kwa wazee wetu, kilikuwa kimeondoka duniani.

Nyumba zilizokuwa juu ya chemchemi ile zilikuwa kumi na moja. Pruka akapanga kumimina rangi katika choo cha kila nyumba, moja moja, kisha kungoja na kuona ni ipi itakayotokea chini. Nani wa kumwongoza? Arlys, na orodha yake, na kalamu nyuma ya sikio. Akawaingia majirani bila aibu. "Tunakuja kumwagia choo chako rangi. Kama huna cha kuficha, fungua mlango." Nyumba tano wakamaliza, hamna kitu. Ya sita ilikuwa yake.

"Hii ruka," alisema. "Hapa unapoteza rangi yako bure. Tangi letu miaka arobaini na minne halijaziba hata siku moja. Gari la kunyonya maji taka halijawahi kukanyaga uwanja huu."

Alilisema kwa fahari, vile mtu anavyojisifu hajawahi kulazwa hospitali. Tangi la choo lisilojaa kwa miaka arobaini na minne! Mpishi wa miaka thelathini na moja, mtu wa kikombe kimoja na nusu, na hajawahi kujiuliza sufuria gani hiyo unamimina kila siku na haijai.

"Naomba tu nimimine, Bi Tveit," Pruka akasema taratibu.

Alimimina saa tatu asubuhi. Kesho yake Arlys alikuwa chemchemini tangu alfajiri, saa mkononi, hana wasiwasi, anasubiri tu aandike "hapana" kwenye orodha. Saa nne kasoro robo maji yakabadilika. Kwanza alidhani ni kivuli cha majani. Kisha yakawa kijani, kijani cha sabuni ya vyombo, yakatoka chini ya jabali yakimeta kwenye jua, yakapita miguuni pake yakaenda zake kijitoni, kuelekea daraja la chini, kuelekea benchi.

Alichukua kalamu nyuma ya sikio. Mbele ya jina lake akaandika "ndiyo."

Walipochimba uani kwake hawakukuta tangi. Walikuta bomba la udongo wa kuchoma, limetoka nyumbani, limepita nyuma ya ghala, limeishia shimoni. Pruka akafungua jalada la wilaya. Mwaka tisini na sita kila nyumba iliamriwa kuandika maji yake ya choo yanakwenda wapi. Karatasi yao ilikuwemo. "Tangi lipo. Limekaguliwa." Na chini yake, kwa wino wa bluu, kwa ule mwandiko wake mzuri ulionyooka: Orrin Tveit.

"Mwongo!" Arlys alimwambia, jikoni kwake, peke yake, kwa sauti. "Mwongo mkubwa wewe! Ulikuwa unakunywa maji yale!"

Pruka alikuwa muungwana. Alisema ripoti haitaji majina, itaandikwa tu "mfumo mbovu wa nyumba moja," na yeye mdomo wake ataufunga. Kufikia Septemba tangi jipya lilikuwa limefukiwa, na kichuguu cha mchanga cha kuchujia juu yake. Majirani wakadhani anajenga bustani, na wale waliomwagiwa rangi wakadhani ulikuwa ukaguzi wa kawaida wa wilaya. Na Arlys, yule aliyekuwa hawezi kumeza neno, alilimeza hilo. Alilikalia majira yote ya baridi. Akikutana na Lavonne kanisani anageuka kusoma matangazo ukutani.

Kiangazi kilichofuata daraja la chini lilileta arobaini na moja. Kisha thelathini na nane. Kisha arobaini na nne. Wilaya ikaja ikang'oa kibao, watoto wakaruka dimbwini na nguo zao. Na bonde zima likasema nini? "Mnaona? Ng'ombe wametoka, maji yametakata. Yalitaka muda tu." Walisema dukani, walisema kanisani, walimwambia Arlys mwenyewe huku wakimpigapiga bega, na Arlys akawa anasema, "Ee." Chama kikaamua kwamba katika karamu yake ya Septemba, Jumamosi jioni, Arlys apewe ngao ya heshima.

Ngao hiyo ndiyo iliyomshinda. Mchana wa Jumamosi ile akaendesha pikapu mpaka kwa Haugstad. Mlango ukafunguliwa na Lavonne.

"Bakuli nilisharudisha," Lavonne alisema.

"Sikuja kwa bakuli. Yupo?"

"Anakula."

Verlyn sasa alikuwa dereva wa lori la maziwa, anazunguka kuchukua maziwa ya ng'ombe wa watu. Alikuwa mezani na viazi vyake, kofia kwenye goti. "Keti, Arlys," alisema.

Hakuketi. "Hawakuwa ng'ombe wako. Ni choo changu. Bomba letu lilikuwa linaingia shimoni na kutokea kwenye chemchemi yako. Nimejua tangu Julai ya mwaka jana, nikanyamaza."

Verlyn akaendelea kutafuna. Aliyesema ni Lavonne.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nikwambie. Bomba hilo tunalijua. Lilichimbiwa mwaka sabini na nne, wiki moja kabla ya harusi yenu. Orrin alishika upande mmoja na huyu hapa akashika upande wa pili."

Arlys akamgeukia Verlyn. "Mlijua?"

"Lavonne," Verlyn akasema polepole.

"Niache! Miaka miwili na zaidi nimenyamaza, leo niache!" Lavonne alikuwa anafuta mikono kwenye aproni, na mikono yenyewe ilikuwa mikavu. "Alianza kushuku siku ile ulipomjia zizini na mabomba yako. Nikamwambia sema! Sema, mume wangu, ng'ombe wanakwenda! Akasimama kule ukumbini aseme, akakutazama, akakaa. Tulipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini. Akaniambia mjane havuliwi nguo mbele za watu." Akamnyooshea Arlys kidole. "Lakini wewe, Arlys, sisi ulituvua. Na picha ukachora."

"Ungeniita pembeni, Verlyn," Arlys alisema, na ulimi ulikuwa mzito. "Ungeniambia hata kwa siri."

"Sikuwa na hakika. Orrin alisema maji yakiingia pale ndiyo yamekwenda, na mimi nilimwamini. Ningesemaje, mtu keshakufa, hawezi kujitetea?"

"Alisaini uongo!"

"Aliona haya. Kila mwaka alikuwa akisema mwakani atalitengeneza."

"Leo jioni nasema yote," Arlys akasema. "Mbele ya watu wote wale wale."

Verlyn akafuta mdomo. "Maji yakoje sasa?"

"Arobaini na moja."

"Vizuri," alisema, na alifurahi kweli, ilionekana usoni, na furaha hiyo ilimuuma Arlys kuliko maneno yote ya Lavonne. Akainuka, akavaa kofia, maana maziwa ya watu yalikuwa yakimngoja. Mlangoni akasimama. "Ya ng'ombe wangu sema utakavyo, Arlys. Orrin muache. Alinikamulia baridi nzima."

"Nimwache vipi na yeye ndiye aliyesaini?"

Lakini Verlyn alikuwa ameshatoka, na lori linanguruma uani.

Jioni ukumbi wa kanisa ulijaa. Verlyn hakuja. Lavonne alikuwepo kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kahawa, na zamu ya kahawa haikwepwi hata na mgonjwa. Mwenyekiti wa chama, mzee Palmer Rud, akasifu weee, kisha akamkabidhi Arlys ngao. Arlys hakuipokea.

"Hawakuwa ng'ombe wa Verlyn," alisema. "Kilikuwa choo changu."

Akawaeleza. Bomba, shimo, chemchemi, rangi ya kijani. Akawaeleza kwamba alijua mwaka mzima huku wakimpigapiga bega. Alipomaliza, mzee Palmer akakohoa.

"Lakini Arlys, kabla ya hiyo rangi ulikuwa hujui. Au ulijua?"

Swali lilikuwa la huruma, mzee alitaka kumwokoa. Jibu la kweli lilikuwa jepesi, na lilikuwa na ushahidi wa wino wa bluu ofisini kwa Pruka. Maneno mawili tu: Orrin alijua. Angeyasema, angetoka mle ndani mwanamke aliyedanganywa na mumewe, na watu wangemletea mabakuli mpaka Krismasi. Arlys alitazama meza zile, nyuso ambazo nusu yake alizilisha njegere.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Makaratasi ya nyumba nilikuwa nayashika mimi. Mwaka tisini na sita nilimwambia Orrin tangi limeshawekwa, akasaini kwa kuniamini."

Pruka, aliyekuwa meza ya mbele, aliinua kichwa kwa ghafla, kisha akakirudisha kwenye sahani yake.

"Ukawaacha akina Haugstad wauze ng'ombe wao," mzee Palmer akasema taratibu, "na wewe unajua?"

"Ndiyo."

Hakuna aliyefoka, kwetu hawafoki. Mtu mmoja alisogeza kiti. Gudrun wa kwaya akasema, "Maskini Orrin," na neno hilo likatembea meza hadi meza, maskini Orrin, maskini Orrin, wengine wakitikisa vichwa. Arlys akachukua koti lake. Kufika mlangoni ilimbidi apite mbele ya Lavonne, aliyekuwa kasimama na birika la kahawa mkononi. Lavonne, aliyejua vizuri kabisa kwamba ule ulikuwa uongo, alimpisha apite, kisha akaendelea kuwamiminia watu kahawa.